Maadui wanakufa pigo moja, nirekebishe wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natengeneza gemu ndogo ya RPG, yaani ya shujaa anayekua kadiri anavyopigana, ya kupigana kwa zamu, mtindo wa zile za Famicom, mashine ya zamani ya gemu ya Nintendo. Pigo nalipata kwa kuchukua nguvu ya anayeshambulia, natoa kinga ya anayepigwa. Mwanzoni inakwenda vizuri, ila mchezaji akishanunua upanga mpya, maadui wanakufa kama kuku wenye mdondo. Nikiwaongezea kinga, mapigo yanatoka sifuri. Nimewaza maadui wawe wanapanda leveli, yaani ngazi ya ukali, pamoja na mchezaji. Hiyo itanisaidia?

JIBU: Marahaba. Hapana, hiyo itaficha ugonjwa tu. Ugonjwa wenyewe uko kwenye hiyo kutoa.

Chukua shujaa mwenye nguvu 20 na adui mwenye kinga 15 na damu, yaani uhai, 20. Pigo ni 5, adui anakufa kwa mapigo 4. Upanga mpya ukiongeza nguvu 5, pigo linakuwa 10 na adui anakufa kwa mapigo 2. Umeona? Nguvu imepanda kwa robo, pigo limepanda maradufu. Ukishtuka na kumpandishia adui kinga ifike 25, mchezaji anapapasa ukuta. Kati ya kuchinja na kupapasa umejiachia kauchochoro kembamba mno.

Gemu ya Dragon Quest ya 1986 ilipanua uchochoro huo kwa hesabu ndogo tu: kinga hugawanywa kwa 2 kwanza, ndipo itolewe kwenye nguvu, na jibu likagawanywa tena kwa 2. Hilo ndilo pigo kubwa kabisa. Pigo halisi huangukia popote kati ya nusu yake na lenyewe. Rudia mfano wetu. Nguvu 20 toa 7.5, gawa kwa 2, pigo kubwa kabisa ni kama 6: mapigo 4 ya hivyo yanatosha. Ukishika upanga mpya linakuwa kama 9: mapigo 3. Mnunuzi anaona faida ya hela yake, na adui bado ni adui. Weka pia kima cha chini, walau pigo la 1, kama ilivyokuwa Final Fantasy ya kwanza ya 1987. Hakuna kinachomuudhi mchezaji kama kupoteza zamu nzima kwa sifuri.

Kuanzia hapo, acha kupanga kwa kuangalia damu. Panga kwa zamu: huyu afe kwa mapigo mangapi, na yeye amuue shujaa kwa mangapi? Mimi adui wa njiani humpa 3 au 4, kisha narudi nyuma kutafuta damu na kinga zinazoleta hesabu hiyo.

Sasa hilo wazo lako la leveli. Final Fantasy VIII, ya 1999, ilifanya hivyo hivyo. Maadui walifuata wastani wa leveli za kundi lako. Wajanja wakagundua kwamba adui akigeuzwa karata hakupi uzoefu, yaani zile pointi za kupandishia leveli. Wakabaki na leveli za chini, nguvu wakazitafuta kwenye uchawi, na gemu ikawa rahisi kwa anayekwepa kukua! Gemu ya Oblivion ya 2006 nayo, kwa mtindo huo huo, ikatuletea majambazi wa porini waliovalia deraya za kioo, mali ya bei kali, eti wanavizia wapita njia.

Dragon Quest badala yake ilitumia madaraja ya kuvukia maji. Ukivuka, wanyama wa upande wa pili ni wakali zaidi, na mchezaji anajua kavuka mwenyewe. Akifa hurudishwa kwa mfalme na nusu ya dhahabu yake, lakini uzoefu wote anabaki nao, kwa hiyo kiherehere hakimrudishi mwanzo kabisa.

Ukimaliza kurekebisha, mpeleke shujaa mwenye upanga wa bei kubwa kwa adui wa kwanza kabisa wa gemu. Akimuua kwa pigo moja, usiguse kitu. Mwenzio kalipia.