Maswali ya Wasomaji: Ukerewe kwa Mshahara wa Mwalimu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Misungwi. Katika likizo ya Juni ningependa kumpeleka mke wangu na watoto wetu wawili kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria, kwa siku chache, ila fedha niliyotenga ni ndogo. Je, tupite majini au nchi kavu, tulale wapi, na watoto waruhusiwe kuogelea ziwani?

JIBU: Mwalimu, mwezi uliouchagua ni mzuri, kwa kuwa masika huwa yamekwisha na barabara za vumbi za kisiwani zinapitika.

Kwa familia ya watu wanne ningependekeza meli ya kutoka Mwanza hadi Nansio, safari ya kama saa tatu, kwa sababu njia ya nchi kavu itawazungusha hadi Bunda, kisha Kisorya, mvuke kwa kivuko hadi Rugezi na kutafuta tena gari la Nansio. Kila mnaposhuka na kupanda kuna nauli nyingine, na watoto wenye njaa hutaka kila kinachouzwa dirishani. Ratiba za meli hubadilika, hivyo ulizeni bandarini siku moja kabla. Mkiikosa meli mtalala Mwanza, na akiba ya nauli itaishia guesti.

Malazi yasiwape hofu. Nansio kuna guesti za kawaida karibu na soko. Ombeni kuonyeshwa chumba kabla ya kulipa, mkague chandarua kama kina matundu, kwani malaria ipo mwaka mzima. Chakula cha mama ntilie, ugali wa muhogo na sato, kitawashibisha kwa bei nafuu kuliko hoteli yoyote. Kwa matembezi, pandeni vilima vya mawe vya Handebezyo, ambako ziwa huonekana vizuri, na mfike Bukindo kuliona jumba la Chifu Gabriel Ruhumbika, mtawala wa zamani wa Ukerewe.

Kuhusu kuogelea, jibu langu ni hapana, hata kama wenyeji watawacheka. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hasa ukingoni wanakopenda kucheza watoto, na vimelea hivyo hupenya ngozi bila mtu kuhisi. Kama mmoja wao atajitosa mkiwa mmegeuza macho, na watoto ndivyo walivyo, apimwe baada ya wiki kadhaa. Dawa yake ipo.

Penye kubana matumizi msipaguse ni chombo cha majini. Mkishawishika kuendelea hadi kisiwa jirani cha Ukara, msipande mtumbwi uliojaa eti kwa sababu ni wa bei rahisi, na hata kivuko kikionekana kimezidiwa, subirini kinachofuata. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimebeba watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea linalomkaa mwilini. La mtu mzima huweza kumvuka kichwani.

Iwapo hesabu zitagoma kabisa, Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane iko karibu na katikati ya jiji la Mwanza, boti hufika kwa dakika chache, na jioni mnaweza kurudi kulala kwenu Misungwi.