Fisi Asitakaswe kwa Sentensi Moja

Dada yangu wa Mbagala, umeuliza kama hadithi yako ya watoto itaharibika endapo Fisi, aliyemwibia Kima samaki tangu sura ya kwanza, atageuka kuwa rafiki yake. Haitaharibika, ila mabadiliko hayo yamgharimu. Mpeleke soko la samaki la Feri alfajiri, abebe kapu la vibua bila kulamba hata mmoja huku mate yakimdondoka, na Kima, ambaye bado hamwamini, awahesabu mbele yake mmoja mmoja. Ulafi usimwishe, fisi mwema kupita kiasi, nakiri, hanichekeshi. Na kwa kuwa fisi madoa huishi katika koo zinazoongozwa na majike, ningependa mama yake ndiye amwone msaliti. Msamaha uje baadaye sana, siku Kima atakapopokea kapu asihesabu.