Nchi ya Kiislamu isiyo na dini?

SWALI: Mimi ni mfasiri, naishi Mombasa. Nimepewa makala ndefu kuhusu Uislamu na siasa katika nchi zilizojitenga na Umoja wa Kisovieti mwaka 1991. Sentensi moja niliiandika hivi: "Tajikistan, nchi ya zamani ya Kisovieti, ni nchi ya Kiislamu isiyo na dini, na serikali yake inalinda Uislamu wa jadi dhidi ya Waislamu wa siasa kali." Mhariri ameirudisha, amepiga mstari chini ya "isiyo na dini" na kuandika pembeni: "dola ya kidunia". Mimi naona ameharibu zaidi. Tuamulie.

JIBU: Mhariri wako kaona moshi, lakini maji kayamwaga pasipo na moto. "Isiyo na dini" ina walakini, ndiyo, ila si hiyo peke yake. Karibu kila kipande cha sentensi yako kina jambo, na mengine ni mazito kuliko hilo aliloliona yeye.

Tuanze hapo hapo alipopiga mstari. "Isiyo na dini" hukuitunga wewe. Ibara ya 3 ya Katiba ya Tanzania inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi "ya kidemokrasia, ya kijamaa na isiyokuwa na dini". Mtanzania akiyasoma maneno hayo hashtuki, kwa sababu amekua akisikia nusu ya pili ya kauli hiyo: serikali haina dini, wananchi ndio wenye dini zao. Ile nusu isiyoandikwa anaijaza mwenyewe kichwani.

Msomaji wa habari za Tajikistan hana cha kujazia. Tena nchi hizo zina historia inayomvuta kwenye maana nyingine kabisa. Wabolsheviki, yaani wakomunisti walioitwaa Urusi, walitangaza kutenganisha dini na dola Januari 1918, lakini hawakuishia hapo. Mwaka 1925 iliundwa jumuiya ya wapinga Mungu iliyokuwa na magazeti yake na wahubiri wake, wa kuhubiri kwamba hakuna Mungu. Machi 8, 1927 ikaanza huko Uzbekistan kampeni ya kuwavua wanawake vifuniko vya uso, iliyoitwa hujum. (Ndiyo, ni neno lile lile lililotupa "hujuma" yetu, kwao lilimaanisha shambulio.) Misikiti ikafungwa, mahakama za makadhi zikafutwa. Dola ya namna hiyo ukiiita "isiyo na dini" unaipunguzia. Hiyo ilikuwa dola inayoipinga dini, na ndivyo ningeandika.

Kwa hiyo msomaji akikuta "isiyo na dini" katika habari za eneo hilo, hajui unamaanisha ile dola iliyopinga dini au hii ya leo inayosema tu kwamba haina dini rasmi. Kwa hii ya leo mimi hutumia "isiyofungamana na dini". Sikio la Mswahili limezoea kutofungamana tangu siku za siasa ya kutofungamana na upande wowote, na neno halimgusi mtu imani yake.

Sasa "dola ya kidunia". Hapa namhurumia mhariri, kwa sababu ukitazama lugha za nchi hizo yuko karibu sana na wenyewe. Katiba ya Uzbekistan, tangu kura ya maoni ya Aprili 2023, inaitaja nchi hiyo katika ibara ya kwanza kuwa pia ni dunyoviy. Watajiki wanasema dunyavi, Waazeri wanasema dünyəvi. Na dola kwao ni davlat au dövlət. Haya yote ni maneno ya Kiarabu yaliyofika Bukhara kwa nchi kavu, kwetu yakafika kwa jahazi: dunia na dola. Mtu anaweza kuapa kwamba dunyoviy davlat kwa Kiswahili ni "dola ya kidunia", basi, kazi imekwisha.

Lakini maneno yakishatengana huota tabia zake. Kwetu cha kidunia ni kile kinachomsahaulisha mtu akhera. Mwimbaji akiacha kwaya akaingia bendi, wanasema siku hizi anaimba nyimbo za kidunia. "Mambo ya kidunia" ni anasa, starehe na mali. Dola ya kidunia basi inasikika kama dola ya wapenda ngoma. "Ya kilimwengu", ambayo nimeiona mara kadhaa katika tafsiri, haisaidii, maana walimwengu kwa Kiswahili ni wasengenyaji. Warusi, ambao ndio waliowapa jirani zao istilahi hii, wana neno svetskiy, linalotokana na svet, yaani nuru na pia ulimwengu. Halina harufu ya dhambi. Letu linayo. Mwambie mhariri wako hivyo, kwa adabu.

Hata hivyo usidhani "isiyofungamana na dini" inamaliza kazi. Hayo ni maneno ya katiba, nayo yanaeleza ahadi. Matendo yanataka vitenzi vingine. Makala yako bila shaka itataja Mufti wa Uzbekistan na ofisi yake, ambayo kwao inaitwa O'zbekiston musulmonlari idorasi. Unaona? Idora ni idara. Chimbuko lake ni bodi iliyoundwa Tashkent Oktoba 1943, katikati ya vita, Stalin alipoona dini inaweza kumfaa. Umoja wa Kisovieti ukawa na bodi nne za namna hiyo: Tashkent kwa Asia ya Kati, Baku, Ufa, na ya Kaskazini mwa Kaukasi huko Buynaksk, ambayo baadaye ilihamia Makhachkala. Ya Ufa ilikuwa na mizizi ya mbali zaidi, katika baraza lililoundwa kwa amri ya malkia Catherine wa Pili mwaka 1788. Umoja ulipovunjika kila jamhuri ilijitengea ya kwake.

Warusi huziita bodi za "kiroho". Usifuate. "Uongozi wa kiroho" kwa Kiswahili cha leo unanukia mahubiri ya Kikristo, na bodi hizi zinashughulika na kuteua maimamu, kupanga safari za Hija na kutoa fatwa. "Idara ya Waislamu wa Uzbekistan" ni tafsiri ya neno kwa neno, lakini msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi ataiweka chini ya wizara fulani, maana kwetu idara ni kitengo cha serikali. Kisheria si hivyo. Kimatendo, msomaji huyo hajakosea sana. Mimi ningeandika "Ofisi ya Mufti", kwa sababu tunayo kwetu: Zanzibar ina ofisi ya jina hilo iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2001, na msomaji anaelewa mara moja kwamba kuna Mufti, kuna sheria, na kuna serikali nyuma ya pazia. Bakwata, baraza la Waislamu wa Tanzania, usiitumie kama mfano. Hiyo ni jumuiya, na mjadala kuhusu ukaribu wake na serikali ni mjadala mwingine.

Ukishafika hapo, tafuta kitenzi cha ukweli. Mwaka 2011 Tajikistan ilitunga sheria kuhusu wajibu wa wazazi, iliyowataka wasiwaache watoto wa chini ya miaka 18 washiriki shughuli za jumuiya za kidini, isipokuwa kwa vighairi vichache. Dola hiyo inasimamia dini, inaratibu dini, na mahali pengine inaibana. Imetangaza kutofungamana nayo, halafu imeifunga kamba. Andika "inasimamia" unapoeleza mambo ya kawaida ya ofisi, na "inabana" pale tu unapoweza kutaja sheria yenyewe.

Neno "dola" nalo lina balaa lake: sentensi yenye "dola ya Uzbekistan" msomaji wa kurasa za biashara ataisoma kama sarafu. Katika kichwa cha habari andika "serikali"; ndani ya makala, pale mwandishi anapotofautisha serikali inayokuja na kuondoka na chombo kinachobaki, hapo ndipo "dola" inapostahili.

Sasa lile ambalo mhariri hakuliona kabisa, na kwangu ndilo kosa kubwa: "nchi ya Kiislamu". Kiambishi ki- hapa ni cha namna, cha utaratibu. Mavazi ya Kiislamu ni yale yanayofuata maelekezo ya Uislamu, hata akiyavaa asiye Mwislamu. Benki ya Kiislamu ni ile isiyotoza riba, hata wateja wake wakiwa Wakristo watupu. Basi "nchi ya Kiislamu" ni nchi inayoongozwa Kiislamu, kama Iran inavyojitangaza. Tajikistan si hivyo. Ni nchi yenye Waislamu wengi, kama zilivyo Uzbekistan, Kazakhstan, Kyrgyzstan, Turkmenistan na Azerbaijan. Ndiyo maana "nchi ya Kiislamu isiyo na dini" imekuwa kitendawili. Ungeandika "yenye Waislamu wengi", hata mhariri asingeshika kalamu nyekundu.

"Uislamu wa jadi" ni mtego ambao nami uliwahi kuninasa. Wanasiasa wa Urusi na jirani zake wanapenda mno kusema kuna Uislamu wa "mapokeo", wa kwao, ulio mtulivu, na kuna ule uliotoka nje. Lakini kwa Kiswahili dini za jadi ni zile za mizimu, matambiko na mababu. "Uislamu wa jadi" unaweza kueleweka kuwa Uislamu uliochanganywa na uganga! Kinachokusudiwa kina jina: ni madhehebu ya Hanafi. Sheria ya dini ya Tajikistan ya mwaka 2009 inayapa nafasi ya pekee, na ile ya Kazakhstan ya mwaka 2011 inataja mchango wao wa kihistoria, pamoja na wa Ukristo wa Kiorthodoksi. Andika "Uislamu wa Kihanafi uliozoeleka nchini". Na hapo ongeza maneno mawili ya kumsaidia msomaji wa pwani, ambaye ni Mshafii na huenda hajakutana na Mhanafi ila msikiti wa Wahindi. Kwa msomaji wa bara kumbuka kwamba "madhehebu" kwake ni Walutheri na Wasabato. Taja "madhehebu ya kifiqhi", yaani ya sheria ya Kiislamu, mara moja, kisha endelea.

Tumefika kwa "Waislamu wa siasa kali". Hapa lugha inaweza kumhukumu mtu kabla ya mahakama. Tajikistan ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1992 hadi mapatano ya Juni 1997, na upinzani ukaahidiwa asilimia 30 ya nafasi serikalini. Ndani ya upinzani huo kilikuwamo chama kinachoitwa kwao Hizbi Nahzati Islomii Tojikiston. Chama hicho kilikuwa halali, kikashiriki uchaguzi, kikawa na wabunge wawili mpaka mapema mwaka 2015. Septemba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikakitangaza kuwa cha kigaidi. Ukiandika "Waislamu wa siasa kali" umesema kwa sauti ya serikali. Ukiandika "wapinzani wa Kiislamu wenye msimamo wa wastani" umesema kwa sauti yao. Kazi ya mfasiri ni kuonyesha msemaji: "chama ambacho mahakama ilikiita cha kigaidi".

Hilo ndilo la kufanya pia kwa "Wahabi". Dagestan, jamhuri iliyo ndani ya Urusi, ilitunga sheria ya kuupiga marufuku "Uwahabi" Septemba 1999, na Asia ya Kati polisi wamelitumia neno hilo kwa karibu kila anayeswali nje ya usimamizi wa ofisi. Sisi nasi tunalijua. Misikiti mingi ya pwani imewahi kurushiana jina hilo, na nadra sana kumsikia mtu akijiita hivyo mwenyewe. Liweke ndani ya alama za kunukuu, na umtaje aliyelisema.

Na jina la kile chama cha Tajikistan ulitafsirije? Nimeona mahali "Chama cha Ufufuko wa Kiislamu". Hapana jamani. Ufufuko ni wa Pasaka. Nahza ni kuinuka, kuamka. Tunalo "mwamko", neno zuri lisilo na deni kwa mtu: Chama cha Mwamko wa Kiislamu. Na ukiliacha jina la Kitajiki ndani ya makala, ujue mzee wa Unguja akisoma "Hizbi" atatabasamu au atanuna, kutegemea alikuwa upande gani kabla ya 1964. Kwake Hizbu ni chama kimoja tu, ZNP ya Zanzibar.

"Nchi ya zamani ya Kisovieti" ni jambo dogo. Nchi ya zamani ni nchi kongwe, au iliyokwisha kuwapo; Tajikistan ipo. Sema "iliyokuwa jamhuri ya Umoja wa Kisovieti".

Na kwa kuwa makala yako haitakosa kugusa mavazi: sheria ya Kazakhstan ya Juni 2025 inahusu nguo zinazozuia uso kutambulika hadharani. Hiyo ni nikabu. Kichwa cha habari "Kazakhstan yapiga marufuku hijabu" kinasema jambo jingine, na dada yako mwenye ushungi atakisoma akidhani yeye ndiye aliyetajwa.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Tajikistan, iliyokuwa jamhuri mojawapo ya Umoja wa Kisovieti, ina Waislamu wengi, lakini kwa mujibu wa katiba haifungamani na dini; serikali inaupa nafasi ya pekee Uislamu wa Kihanafi uliozoeleka nchini, na mwaka 2015 mahakama ilikipiga marufuku Chama cha Mwamko wa Kiislamu, ikikiita cha kigaidi." Ni ndefu kuliko ya kwako. Kama mhariri atalalamikia urefu, ikate kwenye nukta na mkato.