Re: Shemeji Msabato, kila tukikaa mezani ni ugomvi wa Jumamosi na Jumapili

Pole sana ndugu, naielewa hiyo, mi mwenyewe nilishapoteza rafiki kwa ubishi huo huo wa siku ya ibada, nikabaki na hoja zangu tu. Hebu soma Matendo 17 taratibu. Paulo kafika Athene, sanamu kila kona, roho inamchemka kabisa, lakini kusimama pale Areopago, kwenye baraza lao, anaanza kwa kuwaambia naona nyie ni watu wa dini sana, afu anawatajia mpaka washairi wao, yaani jamaa alishawasoma kwanza! Na bado wengine walimcheka, wengine wakasema tutakusikiliza siku nyingine, basi akaondoka zake. We siku moja muulize shemeji Sabato inamsaidiaje maishani, halafu unyamaze kweli, sio unatafuta mstari wa kumjibu.