Usimuulize Mzee Aliua Wangapi: Ushauri kwa Wapenzi wa Historia ya Vita

Kijana akija kwangu na kusema anapenda historia ya vita, mara nyingi huanza kunitajia namba: kasi ya ndege, unene wa chuma cha kifaru, umbali wa kombora. Namsikiliza, maana hata mimi niliingilia mlango huohuo. Kisha namuuliza: hiyo ndege alikuwa akiijaza mafuta nani? Hapo wengi hukwama.

Ushauri wangu unazunguka swali hilo. Tafuta kazi. Vita hufanywa na watu wenye kazi zao, na ukishaijua kazi ya mtu utaanza kumwelewa yeye, chombo alichokitumia, na hata kitabu alichokiandika.

Tuanze na wazee, maana hao hawatusubiri.

Askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) waliokwenda Burma mwaka 1944 karibu wote wameshatangulia mbele ya haki. Nilibahatika kumkuta mmoja kumbukumbu yake ikiwa bado kali. Wageni wake walipenda kumuuliza habari za Wajapani, naye alikuwa na jibu lake alilolizoea: walikuwa wakali. Basi, akanyamaza, mgeni akaaga. Mimi nilimuuliza kazi yake kule ilikuwa nini. Akaniangalia, akavuta kiti karibu, akaanza kueleza habari za magunia.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw, kutoka Tamu mpaka Kalewa, katikati ya mvua za monsuni. Barabara ziligeuka tope ambalo lori halipiti, kwa hiyo chakula kikawa kinatoka juu, kwa ndege za mizigo za Dakota. Vitabu vinasema hivyo kwa sentensi moja. Mzee alinieleza kwamba magunia ya mchele hayakufungwa miavuli. Ndege ilishuka chini kabisa juu ya uwazi uliofyekwa, watu waliokuwa ndani wakayasukuma nje kupitia mlangoni, yakaja kama mawe. Yeye na wenzake walikuwa wa kufyeka, kuweka alama, kukaa kando mpaka ndege ipite, halafu kukimbilia mizigo kabla ndege haijageuka kurudi. Likikuangukia, alisema, hupelekwi hospitali. Magunia mengine yalipasuka, na mchele ukaokotwa pamoja na tope lake.

Sasa fikiria mzee huyo angeulizwa aliua wangapi. Swali hilo halina adabu, na tena halina faida. Aliyeua hapendi kukwambia, na anayependa kukwambia mtilie shaka. Muulize walikula nini, viatu vilikuwa saizi gani, nani alichota maji, mshahara ulilipwa wapi, barua iliandikwa na nani kama mwenyewe hakujua kusoma. Majibu ya vita yenyewe yatakuja katikati ya hayo, bila kuvutwa.

Taratibu za kumwendea ni zilezile za kumwendea mzee yeyote. Pitia kwa mtoto wake au mjukuu, usiibuke tu mlangoni. Shikamoo kwanza, na usiende mikono mitupu: sukari na majani ya chai vinatosha, pesa taslimu siku ya kwanza zinageuza mazungumzo kuwa biashara. Simu usiiwashe kurekodi mpaka umeomba ruhusa, na akikataa andika baadaye ukiwa nyumbani. Akisema "hayo tuyaache," yaache. Waliopigana vita vya Kagera wana mambo waliyoyaona upande wa pili wa mpaka ambayo hawajawaambia hata wake zao. Wewe umekuja na kilo ya sukari, huna haki ya kuwa wa kwanza kuyasikia.

Na usidhani mkongwe wa vita ni yule aliyevaa gwanda peke yake. Vita vya mwaka 1978 na 1979 vilimeza mabasi na malori ya raia kwa mamia, na pamoja na magari hayo walikwenda madereva na matingo wake. Wako akina mama waliokimbia eneo la kaskazini ya mto Kagera majeshi ya Amin yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978, na wanakumbuka kila mtungi walioacha. Kijana mmoja aliniambia kijijini kwao hakuna mkongwe wa vita. Bibi yake alikuwa amevuka mto usiku na watoto wawili, siku chache kabla daraja la Kyaka halijalipuliwa.

Nikija kwenye ndege, lazima nikiri upendeleo. Ndege za kivita zinanivutia kuliko silaha nyingine yoyote. Nilipokuwa masomoni Uingereza nilikuwa napanda treni kwenda Cambridge, kisha naelekea Duxford, uwanja wa zamani wa jeshi la anga ambao sasa ni sehemu ya Imperial War Museum, makumbusho ya vita ya Uingereza. Kikosi namba 19 kilipokea ndege za kivita za Spitfire za kwanza hapohapo mwezi Agosti 1938, na mpaka leo zipo zinazoruka. Injini yake, Merlin, ikiwaka unaisikia kifuani kabla masikio hayajapokea. Ukipata nafasi, nenda, wala usione haya kusimama na watalii mdomo wazi.

Ila mimi nilichelewa zaidi kwenye Dakota. Umati ulikuwa umepita kuelekea B-52, dege la mabomu la Wamarekani, mimi nikabaki chini ya ule mlango mpana wa kushoto, karibu na mkia. Kwa mara ya kwanza niliona jinsi mtu anavyoweza kukaa kitako ndani, akaegemea, akasukuma gunia kwa miguu yote miwili. Nikaangalia pia umbali wa kutoka mlangoni hadi kwenye mkia, nikaelewa kwa nini rubani alipaswa kuishikilia ndege sawasawa wakati mizigo inatoka. Bila yule mzee, Dakota kwangu ingebaki ndege ya rangi ya kijani yenye injini mbili.

Kwa hiyo ukiwa mbele ya ndege, usikimbilie kibao cha maelezo. Izunguke. Tafuta mahali pa kukanyagia, vifuniko vya kujazia mafuta, maandishi madogo ya mafundi kwenye bati. Angalia rubani angetokaje mambo yakiharibika. Pale Duxford ipo MiG-21, ndege ya aina ambayo Tanzania na Uganda zote mbili zilikuwa nayo wakati wa vita vya Kagera. Ukisogea unashangaa ilivyo ndogo: upana wa mabawa ni mita 7 na kidogo tu, na sehemu kubwa ya kiwiliwili ni injini na mafuta. Rubani amebanwa juu ya bomba la moto. Ukishaiona hivyo, unaelewa kwa nini ndege hii haikai hewani muda mrefu, na kwa nini kila kitu kilitegemea uwanja kuwa karibu na mafuta kuwepo.

Hapa kwetu, neno la tahadhari. Usiende kuzungukazunguka uzio wa kambi ukitafuta picha za ndege. Ni eneo la jeshi, kupiga picha ni kosa, na maelezo yako kwamba wewe ni mpenzi wa historia utayatoa mahali usipopapenda. Vilevile, ukioneshwa shambani chuma chenye umbo la bomu, kiache, toa taarifa polisi. Chuma cha mwaka 1979 hakijui kwamba vita vimekwisha.

Tena historia ya ndege za vita Afrika Mashariki ipo wazi kwa anayejua pa kuitafuta. Chukua kisa cha manowari ya Kijerumani Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus pale Zanzibar, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, ambako meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata. Ikabidi watafute ndege. Ya kwanza ilikuwa Curtiss ya kutua majini, ya rubani wa kiraia aitwaye Cutler aliyekuwa akifanya maonyesho Durban. Rejeta yake ikaharibika, ikatafutwa rejeta ya gari aina ya Ford kutoka Mombasa ikafungwa. Nani aliifunga? Vitabu vinamtaja rubani. Fundi hatajwi, lakini bila yeye hakuna aliyeiona Königsberg.

Zilizofuata, aina ya Sopwith, zilishindwa na joto la pwani: hewa nyepesi haikuzinyanyua vizuri, na gundi na vitambaa vikawa vinaachia. Mwishowe ukafyekwa uwanja kisiwani Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenzake Arnold walipaa na Farman kuwaelekeza wapiga mizinga wa meli ndogo za Severn na Mersey. Ndege yao ikapigwa, injini ikafa, wakaanza kushuka bila nguvu, na Arnold akaendelea kutuma marekebisho ya shabaha kwa redio, kwa milio ya Morse, mpaka walipotua majini karibu na Mersey. Wote wawili walipona. Königsberg haikupona, ingawa Wajerumani waliopoa mizinga yake 10 na kuikokota nchi kavu. Ilikokotwa na nani, unajua mwenyewe: mabega ya wapagazi.

Mmoja wa mizinga hiyo upo Fort Jesus, Mombasa, na jirani yake upo mzinga wa Pegasus. Kiingilio si kikubwa. Shika chuma, angalia gurudumu, jaribu kuukadiria uzito wake, halafu ufikirie kuuvusha mto Rufiji. (Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika nayo ina kisa chake cha ndege, za Wabelgiji zilizokuja kudondosha mabomu Kigoma mwaka 1916 ikiwa bado inaitwa Graf von Götzen. Hicho nitakiandikia siku nyingine.)

Kisha kuna kisiwa cha Saanane. Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya mabomu aina ya Tu-22 ya Libya, nchi iliyokuwa ikimsaidia Amin, ilitumwa kupiga ghala la mafuta Mwanza, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwani kwenye hifadhi na kuua wanyama, swala wakiwamo. Watu wa Mwanza huisimulia kwa kucheka. Mimi nawaza watu watatu waliokuwa ndani ya dege lile, refu zaidi ya mita 40, ambalo viti vyake vya dharura viliwatupa wenyewe kuelekea chini, si juu. Ukiwa chini sana, kiti hicho hakikusaidii. Sijui kama nami ningekuwa na shabaha nzuri nikiwa nimekalia kitu kama hicho.

Vitabu nimeviweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu anayeanza navyo huwa hatoki. Kwenye kitabu chochote cha vita, uliza mwandishi alikuwa amesimama wapi. Jenerali Lettow-Vorbeck, aliyeongoza majeshi ya Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita Vikuu vya Kwanza, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1920. Ni kitabu cha mtu wa ramani, usikitegemee kukuonesha jiko. Tony Avirgan na Martha Honey walikuwa waandishi wa habari waliofuatana na majeshi ya Tanzania kuingia Uganda, na kitabu chao cha mwaka 1982 kina harufu ya barabarani, japo kimeegemea upande walikosafiri. Kwa Kiswahili kuna *Kuzama kwa Idi Amin* cha Baldwin Mzirai, cha mwaka 1980, na utenzi wa Henry Muhanika juu ya vita hivyo, wa mwaka 1981. Watu huuruka utenzi wakidhani ni mapambo. Usiuruke. Unaonesha jinsi vita vilivyotakiwa kukumbukwa wakati jeraha bado bichi, na hiyo nayo ni habari.

Njia ninayoipenda ni kuchagua siku moja na kuisoma kila mahali. Chukua Lukaya, Uganda, tarehe 10 hadi 11 Machi 1979, barabara iliyoinuliwa kupita kwenye kinamasi, ambako brigedi ya 201, iliyojaa mgambo wasiowahi kuona vita, ilitawanywa na Walibya na Waganda, na kesho yake mambo yakageuka. Soma kitabu kimoja, kisha kingine, kisha magazeti ya siku zile. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa East Africana katika maktaba yake, na Nyaraka za Taifa zipo Upanga. Ukitoka huko nenda kwa mzee aliyekuwepo, ukiwa na maswali madogo: mlikuwa mmekula? Redio ilikuwa inafanya kazi? Nani aliwaambia mrudi nyuma? Vitabu vikipishana, mara nyingi mzee ndiye atakayekueleza kwa nini.

Na kama una ndugu aliyekwenda vita vikuu asirudi, anza na majina. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni isiyo na malipo. Wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki walizama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944, ikitoka Mombasa kwenda Colombo; walikufa karibu watu 1,300. Hawana kaburi, ila majina yao yapo kwenye ukumbusho ulio katika makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, Nairobi. Unapotafuta, usitegemee herufi zako. Makarani waliandika walivyosikia, kwa hiyo jaribu jina bila herufi ya mwisho, jaribu L mahali pa R, jaribu jina la baba peke yake, halafu linganisha namba ya jeshi kama familia bado inayo karatasi yoyote.