Samaki Wamekufa Kijitoni: Tuanze Kupima Wapi?

SWALI: Ndugu wataalamu, msimu huu wa kumenya kahawa, kijito chetu kiliamka kimejaa mizoga ya perege na kuyu. Kambare tuliwaona wazima. Maji yalinuka uchachu, lakini kufikia jioni yalikuwa yametakata. Wengine wanasema ni dawa za mashambani, wengine maji ya mtambo wa kahawa. Tutajuaje, na maji yenyewe yameshapita? (Msomaji, Mbozi)

JIBU: Kambare wenu wameshatoa nusu ya jibu. Kambare hupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo oksijeni ikiisha majini yeye hustahimili wakati perege anakufa. Sumu kali ya viuatilifu, yaani dawa za mashambani, kwa kawaida ingemgusa yeye pia, na ingeua kaa na wadudu. Saa nayo inaafiki: kiwango cha oksijeni hupungua kabisa kabla ya jua kuchomoza, kwani usiku mimea ya majini huitumia bila kuitengeneza. Sukari na utelezi wa kahawa hulisha bakteria, nao ndio wanaoimaliza.

Lakini msimhukumu mwenye mtambo kwa dalili tu. Samadi hufanya kazi ileile. Samaki walipokufa Mto Mara mwaka 2022, kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na watu wengi hawakuridhika. Kinachomaliza ubishi ni kulinganisha maji ya juu na ya chini ya chanzo.

Fuateni ukingo kupanda hadi mizoga inapokoma. Pale ilipojazana si lazima pawe chanzo, maana mkondo huisomba. Chagueni sehemu tatu: mita 100 hivi juu ya chanzo mnachokishuku, chini yake pale maji yalipokwisha kuchanganyika, na kilomita moja mbele.

Pimeni oksijeni ndani ya kijito. Maji yaliyochotwa kwa ndoo na kutikiswa njiani huongeza hewa na kudanganya. Kipimo kirekebishwe kulingana na mwinuko: kwenye mita 1,500, maji ya nyuzi 20 yakijaa oksijeni huwa na miligramu 7.6 hivi tu kwa lita. Chini ya 3 samaki wanateseka, chini ya 2 wengi wanakufa. Rudieni alfajiri, kwani kipimo cha saa sita mchana kinaweza kuwa kizuri na kisiwaambie lolote. pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya kawaida ni 6.5 hadi 8.5, maji ya kahawa yaliyochacha hushuka hadi karibu 4.

Siku ya tukio lenyewe, sampuli ya viuatilifu huchukuliwa kwa chupa ya kioo ya rangi ya kahawia, lita moja, foili chini ya kifuniko, kisha kwenye barafu. Samaki wa kupeleka maabara ni anayekata roho au ambaye mashavu yake (matamvua) bado mekundu. Aliyevimba na kuoza hana msaada.

Kwenu muda huo umepita, kwa hiyo geukieni mawe. Shikeni wavu wenye matundu ya milimita moja upande wa chini wa mkondo, pigeni mawe teke kwa dakika mbili, kisha mwageni mlichopata kwenye sinia jeupe. Mfumo wa TARISS wa Tanzania, unaopima afya ya mto kwa viumbe wadogo wanaoishi humo na uliojengwa juu ya mfumo kama huo wa Afrika Kusini, SASS5, huhesabu aina za viumbe, si wingi wao. Katika SASS5, kibuu bapa chenye mikia miwili, ambacho hushika mawe ya maji safi, hupata alama 12. Minyoo hupata 1. Jumla ya alama gawanyeni kwa idadi ya aina. Juu wastani ukiwa mkubwa na chini mmebaki na minyoo, vibuu vyekundu na utelezi wa kijivu kama pamba, basi uchafu unaooza huingia mara kwa mara, si siku ile tu. Hapo andikieni bodi ya maji ya bonde lenu na NEMC (baraza la taifa la mazingira), mkiambatisha picha, saa na vipimo.

SWALI: Samaki waliookotwa wakakaushwa, waliwe?

JIBU: Hapana, hadi sababu ithibitishwe. Moto na jua haviaminiki kuondoa viuatilifu. Wazikwe mbali na maji.

SWALI: Uhai utarudi lini?

JIBU: Uchafu ukikoma, baadhi ya wadudu huletwa na mkondo kutoka juu ndani ya wiki chache. Kaa huchelewa: hawaruki, na jike hubeba watoto wake chini ya tumbo. Samaki watategemea kama kuna njia ya kupanda kutoka mto mkubwa; penye banio refu huenda wasirudi wenyewe.