Goti Langu, Mtandamboo na Wanaoniita Meku

Wiki iliyopita nimeteremka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka bila kushikwa mkono na mtu. Nilipoweka picha, msomaji mmoja akaniandikia: "Kaka, taja huo mzizi uliokusaidia goti, na mimi nataka kurudi mlimani." Nitautaja, ila nivumilie kidogo.

Sisi wa mlimani tunajua kupanda si kazi. Kazi ni kushuka. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi geti la Mweka unateremka zaidi ya mita 4,000 kwa siku mbili, na kila hatua inapigia gotini. Langu la kulia lilianza kuumuka kama andazi. Nikawa nanunua diklofenaki, vidonge vya maumivu, bila cheti, asubuhi moja, jioni moja, miezi saba mfululizo. Nafuu niliipata, sidanganyi. Vidonge vile huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta uvimbe na maumivu. Kumbe prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo! Usiku mmoja nikatapika kitu cheusi kama masimbi ya kahawa. Vidonda vya tumbo.

Nilipotoka hospitali, kampuni niliyoitumikia miaka kumi na moja ilikuwa imempa nafasi yangu kijana niliyemfundisha mwenyewe tangu akiwa mgumu, yaani mpagazi wa kubeba mahema. Sasa ananiita meku, yaani mzee kwa Kichagga, na wenzake wanacheka. Tuyaache.

Sokoni Mbuyuni yeyo mmoja, mama wa Kimasai anayeuza dawa, aliniona nikichechemea, akanipa kifungu cha mizizi. "Olamuriaki," akasema, "pika na mifupa." Kwa Kiswahili ni mtandamboo. Nilipouliza zaidi nikashangaa: ndio mugariga, mti wa kile kikombe cha Babu wa Loliondo! Mwaka 2011 nilimsindikiza shangazi hadi Samunge, Loliondo, kwa Babu mwenyewe, Mchungaji Ambilikile Mwasapila aliyegawa dawa hiyo, tukalala njiani kwenye foleni ya magari, na kikombe cha shilingi 500 nikakinywa na mimi. Goti lilikuwa zima wakati ule, kwa hiyo sina ushuhuda wa kutoa.

Safari hii nilisoma kwanza. Mizizi ya mtandamboo ina kemikali za mimea ziitwazo lignani na karisoni, na miti ya jamii yake ina nyingine, lupeoli, ambayo maabara zimeona inapunguza uvimbe. Watafiti wa Kenya walijaribu dondoo la gome la mzizi kwa panya waliovimbishwa miguu kwa sindano, na uvimbe ukashuka. Panya habebi mkoba kushuka Mweka, najua. Lakini si hadithi tupu za wazee.

Mimi nachemsha kipande cha urefu wa kidole pamoja na mifupa ya ng'ombe, nakunywa kikombe kidogo jioni kwa siku tano, kisha napumzika. Baada ya mwezi na nusu nilichuchumaa chooni bila kushika ukuta. Daktari wangu anasema kilichonisaidia ni kupungua kilo tisa na kupanda Kibosho kwa miguu kila asubuhi. Namheshimu, na mazoezi siachi. Ila supu nayo siachi.

Sasa sikilizeni, hasa vijana. Msinunue mzizi uliokatwakatwa kwa mtu msiyemjua. Mtandamboo una miiba. Msunguti, ndugu yake anayefanana naye majani na matunda, hauna, na huo ndio uliochemshwa na wawindaji kupata sumu ya mishale. Sumu yake, uabaini, inasimamisha moyo. Mwambie muuzaji akuonyeshe tawi lenye miiba, akikataa, ondoka. Ndugu yao mwingine ni oleanda, yale maua ya rangi ya waridi mnayopanda uani, nayo ni sumu. Ukoo wenyewe ndio huo, kwa hiyo ukiwa unatumia dawa za moyo au za presha, au una mimba, usiguse kabla hujamwambia daktari. Wala usichanganye na vidonge vya maumivu ukidhani utapona mara mbili. Na acheni kumeza vidonge kama karanga! Nilisema haya kambini Barafu miaka mitatu iliyopita, mkanicheka.

Juzi yule kijana kanipigia simu. Goti la kushoto. Hakuniita meku, kaniita mwalimu. Nimemwambia aje Jumamosi na kilo mbili za mifupa.